Jezi Moja Ilirudi Safi: Kugawa Dakika kwenye Timu ya Watoto Inayofungwa Kila Wiki

Baada ya kila mechi nilikuwa nakusanya jezi mwenyewe. Siku hiyo tulikuwa tumefungwa 6-1 kwenye uwanja uliojaa matope, na jezi 11 zilinifikia zikiwa nzito kwa jasho na uchafu hadi kwenye kola. Ya 12 ilikuja imekunjwa vizuri, karibu vilevile nilivyoigawa asubuhi. Mwenye nayo alikuwa mtoto wa miaka 9 niliyemwingiza zikiwa zimebaki dakika 4. Hakugusa mpira hata mara moja. Alinikabidhi jezi kwa mikono miwili, akasema, "Asante, Kocha," akaenda zake.

Sikulala vizuri usiku ule, na sababu haikuwa mabao 6.

Timu nilikuwa nimeipokea kutoka kwa kocha mwingine msimu ukiwa umeshaanza: watoto 12 wa miaka 9 na 10, wanacheza 7 kwa 7, vipindi viwili vya dakika 25. Walikuwa wamefungwa mechi zote 5 za mwanzo. Nilifanya kile ambacho makocha wengi hufanya wakibanwa. Niliwachagua 5 wazuri, nikawaacha uwanjani mwanzo hadi mwisho, na waliobaki nikawa nawaambia, "Tukiongoza tu, mnaingia." Lakini timu inayofungwa kila wiki haiongozi. Ahadi yangu ilikuwa na maana moja tu kwa mtoto aliyekaa benchi: huchezi. Na bado tulikuwa tunafungwa, maana wale 5 wakifika dakika ya 35 pumzi imekata, wanatembea, na benchi hakuna aliyezoea mechi wa kuwapokea. Nilikuwa nimeutengeneza udhaifu wa timu kwa mikono yangu mwenyewe, kisha naulalamikia.

Kwa hiyo nilichukua daftari.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, na nakuomba uifanye kwa timu yako leo hii. Nafasi 7 uwanjani mara dakika 50 ni dakika 350. Ukizigawa kwa watoto 12, kila mmoja ana dakika 29 na ushee. Huwezi kubadilisha watoto kwa dakika mojamoja, utachanganyikiwa, kwa hiyo mimi naikata mechi vipande 6, vitatu kila kipindi, kila kipande dakika 8 na kidogo. Nafasi 7 mara vipande 6 unapata 42. Watoto 6 wanacheza vipande 4, wengine 6 wanacheza vipande 3, wiki inayofuata wanapokezana. Hata aliyepata kidogo amecheza nusu ya mechi. Kama ninyi mnacheza 9 kwa 9 kwa dakika 60 na una watoto 14, basi ni dakika 540 kwa watoto 14, kila mmoja 38 na ushee. Kabla ya kupanga, uliza ligi yenu kama mchezaji aliyetoka anaruhusiwa kurudi. Sheria ya 3 ya soka inatoa nafasi hiyo kwa mechi za vijana pale shirikisho la nchi linapokubali, ila usidhani tu, uliza.

Jambo kubwa kuliko hesabu ni wakati wa kuiandika. Iandike usiku wa kuamkia mechi. Pembeni ya uwanja, ukiwa nyuma kwa bao moja, moyo ndio unaoamua, na moyo siku zote unamchagua yuleyule mwenye mbio. Daftari haliogopi. Saa nilimkabidhi mzazi mmoja mtulivu, kila dakika 8 ananigusa bega, nami nasoma majina. Watoto walipojua kwamba zamu yao imeandikwa, ile "Kocha, naingia lini?" ilikwisha ndani ya wiki mbili. Wakawa wanaangalia mechi badala ya kuniangalia mimi.

Wiki ya kwanza ya daftari nilikosea vibaya, na nakueleza ili usilirudie kosa hilo. Niliwaweka wote wanaoanza kujifunza kwenye kipande kimoja, wazuri wote kwenye kingine. Tulifungwa mabao 4 ndani ya dakika 8, na wale watoto walitoka wakitazama chini. Tangu hapo, kila kipande lazima kiwe na watoto wasiopungua 3 wanaoweza kukaa na mpira mguuni: mmoja beki wa kati, mmoja kiungo, mmoja mbele. Wanaojifunza nawapanga kandokando yao, kila mmoja akiwa na mwenzake mzoefu umbali wa pasi moja. Mtoto mwenye hofu namweka upande wa benchi langu, ili nimwelekeze bila kupiga kelele. Kumbuka timu zinabadilishana magoli wakati wa mapumziko, kwa hiyo kama kipindi cha kwanza upande wako ni wa beki wa kushoto, kipindi cha pili ni wa beki wa kulia. Panga ukijua hilo.

Golini sipeleki mtoto kwa kuwa tu ni dhaifu. Kwenye timu inayofungwa, pale ndipo mahali pagumu kuliko pote, na mtoto aliyesukumwa pale huku akilia atakumbuka kila bao. Nauliza nani anataka, wanakaa wawili, mmoja kila kipindi. Na aliyekaa golini kipindi kimoja anapata angalau kipande kimoja cha kukimbia mbele.

Sasa, niseme jambo ambalo wanaopigania dakika sawa hawalisemi vya kutosha: kumpa mtoto dakika bila kumfundisha ni kumpeleka akaaibike mbele ya watu. Haki inaanzia mazoezini.

Siku moja niliamua kumhesabia yule mtoto wa jezi safi. Tulikuwa na zoezi nililolipenda sana, watoto wanapanga foleni, mmoja anapiga golini, anarudi nyuma. Kwa dakika 20 aligusa mpira mara 9. Muda uliobaki alikuwa amesimama, anang'oa nyasi kwa ncha ya kiatu. Zoezi zuri kwa macho ya kocha, lakini mtoto hafundishwi na foleni. Nikaliacha kabisa. Badala yake nikawagawa kwenye viwanja viwili vidogo vya 3 kwa 3, magoli ya koni, hakuna kipa, mpira ukitoka kuna mwingine unaingia hapohapo. Hapo hakuna pa kujificha na hakuna wa kumnyima mwenzake pasi, maana mko watatu tu. Mpira tunaotumia ni namba 4, unaofaa umri wao. Namba 5 kwa mtoto wa miaka 9 ni mzigo. Watoto wanaobaki nyuma mara nyingi hawana tatizo la kipaji. Kwenye kundi moja la umri, mtoto aliyezaliwa mwanzoni mwa mwaka wa usajili anaweza kumzidi mwenzake karibu miezi 12, na katika miaka 9 miezi 12 ni mingi: ni kimo, ni kasi, ni nguvu ya kupiga. Ukimhukumu leo, huenda unahukumu tarehe yake ya kuzaliwa.

Kama timu yako inafungwa sana, anza na goli kiki, ule mpira unaoanzishwa kutoka golini kwako baada ya wapinzani kuutoa nje nyuma ya mstari wa goli. Kwetu ndiyo iliyokuwa inatumaliza. Kipa anaweka mpira, anabutua kwa nguvu zake zote, mpira unaenda mita 15, unatua mguuni kwa adui, bao. Mara tatu, mara nne kwa mechi. Tangu mwaka 2019 sheria imebadilika: goli kiki ikishapigwa na mpira ukasogea, mchezo umeanza, hauhitaji tena kutoka nje ya eneo la penalti. Maana yake beki wako anaweza kuupokea mpira ndani ya boksi huku wapinzani wakiwa bado nje yake. Marekani, kwenye soka la watoto la 7 kwa 7, wameenda mbali zaidi. Kuna mstari maalumu ambao wapinzani wanarudi nyuma yake mpaka mpira uanze kuchezwa, kusudi watoto wajifunze kuutoa mpira nyuma kwa pasi. Kama kwenu mstari huo haupo, zoezi linabaki lilelile: kipa, mabeki wawili wamepanuka kila mmoja upande wake, mshambuliaji mmoja anakaba. Beki anapokea akiwa amegeuza mwili ubavu, mguu wa mbali ndio unaotuliza, macho yameshauona uwanja. Tulifanya dakika 10 kila siku ya mazoezi. Mwezi wa kwanza tulifungwa mabao kadhaa kwa sababu ya pasi hizo, na nikawaambia watoto mabao hayo ni yangu mimi. Mwezi wa pili yalipungua.

Wazazi waeleze mapema, kabla ya mechi ya kwanza kama unaweza. Mimi nilichelewa, nikawaita katikati ya msimu na kuwaambia waziwazi: "Kila mtoto atacheza nusu ya mechi au zaidi, iwe tunashinda au tunafungwa. Sitabadilisha mpango dakika za mwisho. Ukiwa na neno, nione kesho yake, si siku ya mechi." Wengine walishangaa, wakadhani nimejitungia. Nikawaeleza kwamba AYSO, shirika la soka la watoto na vijana la Marekani lililoanza mwaka 1964, lina kanuni hiyohiyo ya kila mtoto kucheza angalau nusu ya mechi, na Norwe kwenye mashindano ya watoto wadogo hawaweki kabisa msimamo wa ligi.

Mzazi wa mtoto wetu mkali kuliko wote hakuridhika. Alinijia kesho yake kama nilivyoomba, akaniambia kwa heshima, "Kocha, mwanangu anajituma, anafika wa kwanza. Haki yake iko wapi?" Ni swali zito na sikulichukulia kirahisi. Nilimjibu kwamba mwanawe anapata kutoka kwangu kitu ambacho dakika za ziada hazimpi: anacheza nafasi tatu tofauti, anapewa zoezi lenye masharti magumu zaidi, na akiwa benchi anakaa karibu nami namweleza ninachokiona. Baada ya wiki tatu alimhamishia timu nyingine. Tulifungwa 4-0 mechi iliyofuata. Iliniuma, na hadi leo nadhani mzazi yule hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Ila kama ningembakiza mtoto mmoja kwa kuwavunjia ahadi 11, ningekuwa nimewafundisha nini?

Kuhusu nidhamu, kifupi. Mtoto wa miaka 9 hajiendeshi mwenyewe kuja mazoezini, kwa hiyo simpunguzii dakika kwa kuchelewa kwa mzazi. Akimpiga mwenzake au kumtukana, anakaa kipande kimoja, na namwambia sababu ana kwa ana. Kwa vijana wa miaka 15 au 16 ningepanga tofauti. Wale wanachagua wenyewe kuja au kutokuja.

Mtihani wa daftari ulikuja mechi ya tatu kutoka mwisho. Tulikuwa 2-2 na timu iliyoshika nafasi ya pili. Kipande cha mwisho, beki wa kushoto: mtoto wa jezi safi. Nilisikia sauti nyuma yangu, "Kocha, mwache huyo kwanza!" Nikasoma jina lake. Zikiwa zimebaki dakika 3, winga wao akamjia mbio, akausukuma mpira pembeni, yeye akawa amesimama ameelekea mbele kifua wazi. Mpaka anageuka, winga ameshapita. Krosi, bao, 3-2.

Mechi ilipokwisha nilimfuata kabla hajafika kwa mama yake. Nikamwambia mahali aliposimama palikuwa sahihi, kilichomponza ni miguu, na miguu tutaifanyia kazi. Kisha usiku nikafungua daftari la wiki inayofuata, ambamo alikuwa na vipande 4 kwa zamu yake, na hapo ndipo mkono ulipokuwa mzito kuliko siku zote. Dakika sawa ni rahisi kumpa mtoto kabla hajakugharimu mechi.

Siku ya mazoezi alifika mapema. "Kocha, nionyeshe namna ya kugeuka." Tukachukua mpira mmoja, mimi nikawa winga. Nilimwonyesha asimame ubavu, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, magoti yamelegea, bega la ndani linielekee, ili mimi nibaki na njia moja tu, ya kuelekea mstari wa pembeni. Mara ya kwanza nikampita. Ya pili nikampita. Alikuwa anajisahau, miguu inarudi sambamba. Nikamwekea koni mbili, moja kwa kila mguu, ajue inapokaa. Mara ya tano alirudi nyuma pamoja nami hatua nne, tano, bila kuutupia mpira mguu, akasubiri nikauvuta mpira mbali kidogo, akaingiza mguu wa mbele na kuutoa nje.

"Tena," akasema.

Tukarudia mpaka wenzake walipoanza kuwasili. Jumamosi alianza beki wa kushoto, vipande 4, kama ilivyoandikwa.