Mdogo wangu kamaliza sheria, anataka "za kimataifa": jibu refu kutoka Arusha

Mleta mada kauliza hivi, kwa waliochelewa: dada yake mdogo ana miaka 26, kamaliza shahada ya sheria, yuko nyumbani Moshi kwa wazazi. Hataki kusikia habari za Law School, yale mafunzo ya vitendo ya kumwezesha mtu kuwa wakili. Anasema atakuwa mwanazuoni wa sheria za kimataifa, afundishe chuo, aandike na kuchapisha vitabu. Baba mtu anauliza hiyo ni kazi au ni ndoto ya mchana. Na nyinyi wakuu karibu wote mmejibu kitu kimoja: "atafute mtu UN."

Nipo kwenye shughuli hii hapa Arusha tangu 1999. Nimepanga majalada ya kesi, nimefundisha chuo, nimechapisha vitabu, vingine kwa hasara. Nitajibu kirefu, mwenye haraka aruke.

Nianze na mzee. Mimi ni Mmeru wa Nkoaranga. Babu yangu hakuwahi kusikia maneno "sheria za kimataifa", lakini alijua vizuri kwamba Kirilo alipanda ndege. Mwishoni mwa 1951 serikali ya Mwingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru karibu 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili walowezi wapate eneo la ng'ombe. Nyumba zikachomwa moto. Wameru wakachanga senti zao, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliweza kufika pale kwa sababu Tanganyika haikuwa koloni la kawaida, ilikuwa nchi ya udhamini, na wananchi wa nchi ya namna hiyo walikuwa na haki ya kupeleka malalamiko Umoja wa Mataifa. Nyerere alikwenda kuzungumza kwenye baraza hilohilo mwaka 1955, miaka mitatu baada ya Kirilo.

Sasa mzee wa Moshi asikilize hapa. Wakili aliyewasaidia Wameru alikuwa na ofisi mjini kwake, Moshi. Aliitwa Earle Seaton, mtu wa Bermuda. Ardhi haikurudi siku ile. Lakini mwaka 1967 Seaton na Kirilo walitoa kitabu cha kesi hiyo, The Meru Land Case, kupitia East African Publishing House ya Nairobi. Seaton akaja kuwa mshauri wa sheria wa Wizara ya Mambo ya Nje, na mwaka 1973 akatoa na mwenzake Maliti kitabu kinachoeleza Tanzania imeshughulikiaje mikataba yake na nchi nyingine. Humo ndimo mwanafunzi anakutana na ule msimamo wa Nyerere wa 1961: mikataba ya nchi mbili ambayo Mwingereza alitusainia tutaiheshimu kwa miaka miwili, tuichambue, na ambayo hatujakubaliana kuendelea nayo tuiache. Msimamo huo umefundishwa kwenye vyuo vya sheria duniani kwa jina la Nyerere. Kwa hiyo mzee akiuliza "nani amewahi kufanya kazi hiyo huku kwetu?", jibu ni mtu aliyekuwa akinunua mkate Moshi mjini.

Habari za "mtu UN" nazo nazijua kwa sababu nilipitia huko. Mahakama ya Rwanda (ICTR), ile ya UN ya kesi za mauaji ya kimbari, iliundwa na Baraza la Usalama Novemba 1994, na Februari 1995 ikaamuliwa iwe Arusha. Ikakaa AICC, jumba la mikutano ya kimataifa hapa mjini. Mji ukabadilika. Wenye nyumba wa Njiro wakaanza kutaja kodi kwa dola, na ukienda baa Sekei ulisikia Kifaransa kuliko Kimasai. Mimi niliingia kwa mlango wa nyuma: wakili mmoja wa utetezi kutoka Afrika Magharibi alitaka kijana wa kupanga majalada, akanilipa kutoka mfukoni mwake. Nikajifunza Kifaransa jioni, maana nyaraka zilikuja kwa lugha mbili na yeye Kiingereza kilikuwa kinamkwaza.

Kazi yenyewe ilikuwa kulinganisha nakala. Shahidi anasema Kinyarwanda, mkalimani anapeleka Kifaransa, mwingine anaichukua kwenye Kifaransa anaipeleka Kiingereza. Neno likianguka njia ya kwanza, la pili linajengwa juu ya shimo. Mkitaka kuona uzito wake, someni hukumu ya Akayesu ya tarehe 2 Septemba 1998, ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari, na iliyosema ubakaji unaweza kuwa sehemu ya mauaji hayo. Majaji walisimama kabisa kueleza maneno ya Kinyarwanda ambayo mashahidi walitumia: gusambanya, kurungora, kuryamana, gufata ku ngufu. Mswahili akisoma orodha ile anaelewa nusu yake bila mkalimani, na anaelewa pia kwa nini mama mtu mzima mbele ya watu wageni angechagua neno la kuficha. Mhariri asiyejua hilo angeweka "rape" kote na kuendelea. Siku niliyoisoma orodha ile ndipo nilipojua nataka kufanya nini na maisha yangu, na haikuwa uwakili.

Mahakama ile ilifungwa tarehe 31 Desemba 2015. Watu 93 walishtakiwa, mashahidi zaidi ya 3,000 walisikilizwa, kwa siku 5,800 za vikao. Wenzangu waliokuwa na ajira nzuri wakahama The Hague, wengine wakarudi kwao, wengine wako hapahapa wanafuga kuku. Kilichobaki ni karatasi. Kumbukumbu zote ziko Lakilaki, nje kidogo ya mji, kwenye majengo ya chombo kilichorithi kazi hiyo. Ukimtafutia binti mtu UN, umemtafutia mkataba wa mwaka mmoja kwenye ofisi ambayo siku ya kwanza tu ilijua itafungwa.

Na zile ambazo hazifungwi? Tunayo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ilihamia Arusha 2007. Tunayo Mahakama ya Afrika Mashariki, iliyozinduliwa 2001. Nafasi zake ni chache, zinagawanywa kwa nchi, na Mtanzania anashindana na Mtanzania. Halafu upepo hubadilika. Mwaka 2010 Tanzania ilitoa tamko la kuruhusu mtu binafsi na asasi kuishtaki moja kwa moja Mahakama ya Afrika. Mwaka 2013 Mchungaji Mtikila akashinda pale kesi ya mgombea binafsi, yaani mtu kugombea bila chama. Novemba 2019 tamko likaondolewa. Mawakili vijana waliokuwa wamejenga ofisi juu ya kesi zile walijikuta wanarudi kwenye mirathi na talaka.

Kwa hiyo swali la "nani atamwajiri" naona limekaa vibaya. Mimi ningeuliza: ni maandishi gani ya mahakama hizi ambayo hayasomeki mpaka mtu wa aina yake ayashike? Hapo kuna kazi, na ni nyingi.

Hukumu ya Mahakama ya Afrika inaweza kuwa na kurasa 60. Wakili wa Moshi mwenye kesi saa tatu asubuhi hazisomi. Anataka muhtasari wa nusu ukurasa juu yake: swali la kisheria lilikuwa nini, likajibiwaje, aya ya ngapi. Anataka faharasa. Anataka ajue kesi hii imefuatwa au imekataliwa na ipi. Mtu anayetengeneza vitu hivyo ndiye mchapishaji wa sheria. Mpiga chapa ni mwingine kabisa, huyo anauza wino na karatasi. Watu wanachanganya hawa wawili, hata benki niliyoenda kukopa ilichanganya.

Nilianza uchapishaji huo 2014, chumba kimoja Kaloleni, meza mbili. Kitabu cha kwanza kilikuwa mihtasari ya kesi za mahakama hizi mbili, kwa ajili ya mawakili wa kanda hii. Nakala 400. Ziliposhuka kwenye gari nilijiona Oxford. Wiki ya tatu simu ikaita: wakili mmoja alikuwa amesimama mbele ya majaji watatu, akataja aya ya 87 kutoka kitabu changu, jaji akafungua hukumu yenyewe, aya ya 87 inazungumzia gharama za kesi. Nilikuwa nimetumia nakala ya awali ya hukumu ambayo namba za aya zilibadilika baadaye. Wakili yule alinitukana kwa dakika nzima, nami nikamwambia ndiyo kaka, ndiyo kaka. Tukachapa karatasi ya masahihisho, nikaipeleka mwenyewe stendi, bahasha moja moja kwa makondakta: Moshi, Dodoma, Mwanza, Dar. Ilikula faida yote. Tangu hapo hakuna kitu kinatoka kwangu bila watu wawili kuhakiki kila namba, mmoja anasoma kwa sauti na mwingine anafuata kwa kidole.

Halafu TanzLII ikaja kuweka hukumu zetu mtandaoni bure, nikadhani nimekwisha. Kumbe hukumu yenyewe haikuwa mali yangu hata kidogo. Sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 hailindi maamuzi ya mahakama, yeyote anaweza kuyachapa. Chako ni ulichoongeza: muhtasari, maelezo, faharasa, mpangilio. Na kadiri hukumu za bure zilivyoongezeka, ndivyo watu walivyozidi kupotea ndani yake na kuhitaji wa kuwaonyesha njia.

Kuna jambo linaniuma kidogo. Ripoti za kesi za Mahakama ya Afrika, inayokaa hapa hapa Arusha, zinachapishwa na kampuni ya Chuo Kikuu cha Pretoria. Wanafanya vizuri sana na wanaziweka bure, nazitumia kila wiki. Lakini mwanafunzi wa chuo cha Makumira anaishi mkoa mmoja na mahakama hiyo na kazi inafanyika Afrika Kusini. Hatukuwa na watu waliofundishwa uhariri, basi.

Anayetaka mfano wa juu kabisa amtazame Abdulqawi Yusuf, Msomali, aliyeingia Mahakama ya Haki ya Kimataifa 2009 na kuwa rais wake 2018 hadi 2021. Miaka mingi kabla ya joho hilo, 1993, alianzisha kitabu cha mwaka cha sheria za kimataifa cha Afrika na kukihariri. Yaani alikaa na makala za wenzake, akasahihisha tanbihi.

Upande wa kufundisha nitasema machache. Ni kazi nzuri, na malipo ya mwalimu wa muda ni msiba. Chuo kimoja, sikitaji, kilinilipa muhula wa Machi mwezi wa Novemba. Bila uzamivu (PhD) hapandi popote, na uzamivu wa kujilipia usimruhusu auanze, asubiri ufadhili. Na aogope majarida yanayomwandikia barua pepe ya sifa na kumtaka dola 200 ili makala itoke baada ya siku tano. Jarida la kweli litamrudishia makala mara mbili ikiwa imejaa maswali ya watu asiowajua, litachukua mwaka, na halitamsifu.

Kuhusu mikataba ya vitabu: sura yangu ya kwanza ilitoka Ulaya. Nilisaini kwa furaha bila kusoma. Malipo yalikuwa nakala mbili. Kitabu kikauzwa kwa bei inayozidi mshahara wangu wa mwezi, na nilipotaka kuitafsiri sura yangu kwa Kiswahili niliambiwa haki hiyo niliwapa wao. Asome kifungu cha tafsiri kwanza, kabla hata ya mrabaha.

Maana pesa iko kwenye Kiswahili sasa. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu, na istilahi nyingi bado watu wanazikisia. Mwenye sheria, Kiswahili kilichonyooka na Kifaransa kidogo hatalala njaa hapa mjini. Nikipiga hesabu zangu za miaka kumi, katika kila shilingi kumi, sita zimetoka kwenye uhariri na tafsiri, tatu kufundisha, moja kwenye vitabu vyangu mwenyewe. Hiyo moja ndiyo inayonifanya niamke.

Law School aende. Hapo amekosea na mzee yuko sahihi. Atakapowaandikia mawakili, watataka kujua kama amewahi kusimama mahakamani.

Mwambie achukue hukumu ya Mtikila ya 14 Juni 2013, ipo bure. Aiandikie muhtasari wa Kiswahili, maneno 200, na namba za aya. Unitumie inbox. Nitairudisha na wino mwekundu, na akikasirika atulie siku mbili ndipo anijibu. Mimi Jumamosi huwa nashuka Moshi, naweza kukaa naye na mzee pia, kahawa juu yangu.