Pampu ya trela inawaka na kuzima yenyewe? Sikiliza kabla ya kununua mpya

Madereva wanaovuta trela za kambi kutoka Kenya na Tanzania hadi huku kwetu Uganda hunipigia simu na malalamiko yale yale: pampu ya maji inagonga usiku, inanyamaza, baada ya muda inagonga tena, wageni hawalali. Wengi wao huwa wameshaulizia bei ya pampu mpya. Swali langu la kwanza ni moja tu: inafanya hivyo mabomba yote yakiwa yamefungwa, au mtu anapotumia maji? Sauti inafanana, lakini hayo ni magonjwa mawili, na kila moja lina mahali pake pa kutafutwa.

Pampu hizi za volti 12 hazina mambo mengi. Kuna diaframu, yaani utando wa mpira unaosukuma maji, kuna valvu ndogo za kuzuia maji yasirudi kwenye tangi, na kuna swichi ya presha. Ukifungua bomba presha inashuka, swichi inaunga umeme. Ukifunga, presha inapanda mpaka kiwango chake, ambacho kwa pampu nyingi ni kati ya PSI 40 na 55 (kipimo kile kile cha upepo wa tairi), na swichi inakata. Basi ikiwaka wakati hakuna aliyegusa bomba, jua presha imepotea mahali. Maji yamevuja nje, au yamerudi tangini kupitia pampu yenyewe.

Mimi huanza na kuvuja, hasa trela ikiwa imetoka mbuga ya Kidepo au imezunguka Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda. Barabara ya murram yenye mawimbi inalegeza kila kitu: klipu za mipira ya maji, nati za plastiki, hata skrubu za pampu. Usisubiri kuona dimbwi. Tone moja moja linatosha kuiamsha pampu usiku kucha, na kwenye joto linakauka kabla hujaliona. Chukua tishu kavu, izungushe kwenye kila kiungo kimoja kimoja: chini ya sinki, nyuma ya pampu, kwenye hita. Tishu inashika unyevu ambao kidole hakiusikii. Kisha lala chini utazame uvungu wa trela, maana pale vumbi lilipogandamana na kuwa tope ndipo maji yanapotokea.

Kuna sehemu ambazo watu huzisahau. Valvu ya usalama ya hita. Koki ya kumwagia maji iliyo chini. Bomba la kuogea la nje, ambalo watoto huliacha nusu wazi. Na ule mdomo wa kuunganishia maji ya kambi: valvu yake ikichoka, maji ya pampu yako yanatokea nje kupitia hapo. Choo nacho kina ujanja wake. Dereva mmoja kutoka Mwanza alinikuta mbuga ya Lake Mburo akaniambia, "Mzee, hii pampu imekufa." Tukazima muziki, tukafunika bakuli la choo kwa tishu, na baada ya muda tishu ilikuwa na mstari mmoja wa maji upande wa nyuma. Chembe ya mchanga ilikuwa imekaa kwenye mpira wa valvu ya choo. Pampu yake ilikuwa nzima kabisa.

Tishu ikibaki kavu kote, tenga pampu na mabomba. Kama kuna koki upande wa pampu wa kutolea maji, acha presha ipande, ifunge. Kama hakuna, chomoa mpira wa kutolea maji uzibe mdomo wa pampu kwa kizibo cha kuzungusha kama skrubu. Ikinyamaza, rudi ukatafute uvujaji, kuna mahali umeparuka. Ikiendelea kuwaka na kuzima, maji yanarudi tangini na tatizo liko ndani ya pampu. Hapo mara nyingi mkosaji ni maji yenyewe. Maji ya visima vya kupampu sehemu nyingi huku huja na kutu na mchanga mwembamba, na chembe ikikaa chini ya valvu haizibi tena. Fungua kichwa cha pampu, osha kwa maji safi, tazama mipira kama imepasuka, rudisha. Ukijaza tangi kisimani, chuja angalau kwa kitambaa.

Sasa ule ugonjwa wa pili, tak-tak-tak wakati mtu anaoga. Huu mara nyingi si uharibifu. Pampu inasukuma maji mengi kuliko yanayotoka, presha inajaa, swichi inakata, inashuka, inawaka. Fungua chujio la mdomo wa bomba na kichwa cha bafu, utakuta mchanga na chokaa. Loweka kwenye siki. Kama kichwa cha bafu ni kile cha kubana maji, hapo ni wewe na uvumilivu wako, au ufunge tangi dogo la presha, lile lenye mpira na hewa ndani. Lenyewe nalo huchoka. Zima pampu, fungua bomba presha yote iishe, kisha pima hewa yake kwa geji ya tairi: iwe chini kidogo ya presha inayowasha pampu. Ukibonyeza pini ya valvu yakatoka maji badala ya hewa, mpira umetoboka.

Maji yakitema hewa huku pampu ikipiga kelele, tazama upande wa kuvuta, kati ya tangi na pampu. Upande huu unasumbua kwa sababu hautoi tone. Unavuta hewa ndani. Chunguza kikombe cha chujio na mpira wake wa duara. Njia ya kukata shauri: chukua mpira mfupi mzima, uunge kwenye mdomo wa kuvutia, chovya ncha nyingine kwenye ndoo ya maji. Ikitulia, pampu haina kosa.

Pampu isipozima kabisa, usiilaumu swichi ya presha haraka. Pima volti kwenye nyaya za pampu huku ikifanya kazi, si kwenye betri iliyopumzika. Betri ikiwa dhaifu au waya mwembamba, pampu haifiki presha ya kukata. Waya mnene na klipu za chuma utazipata soko la vipuri la Kisekka, Kampala. Vifaa vya ndani vya pampu hizi ni bahati nasibu, kwa hiyo beba akiba kutoka nyumbani.

Ile skrubu ya kurekebisha presha, iliyo kwenye swichi ya pampu, iache mwisho kabisa, na ukiigusa iwe robo mzunguko tu.

Na ukiwa safarini, zima pampu kwenye swichi yake kuu. Mpira ukichomoka njiani kuelekea Kidepo na pampu imewashwa, itaona presha imeshuka na kusukuma tangi lote juu ya magodoro, na huko maji ya kujaza tena si ya karibu.