Babu wa Safari Anajibu: Kanisa Kuu la Cusco

SWALI: Shikamoo Babu. Mimi ni mpagazi wa mlimani, nakaa Majengo, Moshi. Mgeni niliyembebea mzigo hadi Kibo amenialika kwao Cusco, Peru. Natamani kuona kanisa kuu lao la zamani. Kuna nini humo? Na mwinuko je?

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Cusco iko kama mita 3,400, yaani juu ya kambi ya Mandara, chini ya ile ya Horombo, kule Kilimanjaro. Ila utafika kwa ndege, si kwa miguu, kwa hiyo siku ya kwanza pole pole, kama unavyowaambia wageni wako.

Kanisa lilianza kujengwa karibu 1560, likakamilika 1654, pale palipokuwa na jumba la Viracocha, mfalme wa Inka, watawala wa huko kabla ya Wahispania. Mawe mengi yalitolewa Sacsayhuamán, ngome iliyo kilimani juu ya mji. Wewe mpagazi utawaza kwanza waliobeba: wenyeji, wakibomoa la kwao wamjengee Mhispania. Mimi hilo hunikera kuliko altare yao ya fedha inavyonipendeza.

Usikose mchoro wa Karamu ya Mwisho wa Marcos Zapata. Mezani mbele ya Yesu kuna mnyama aliyebanikwa, na wenyeji husema ni simbilisi, kitoweo chao cha sherehe. Mtafute pia Bwana wa Matetemeko, sanamu ya Yesu msalabani iliyotiwa weusi na moshi wa mishumaa. Inahusishwa na tetemeko la 1650, na hutolewa kwa maandamano Jumatatu ya Wiki Takatifu.

Watalii hulipa kiingilio. Picha ndani hairuhusiwi, simu iache mfukoni.