Re: Ndege kwenye picha ya babu, Nairobi 1930, ni Tiger Moth?

Salaam mkuu. Umesema picha ni ya 1930 na kuna ndege ya mabawa ya juu na chini. Basi Tiger Moth haiwezi kuwa, ile iliruka mara ya kwanza Oktoba 1931. Isipokuwa kama tarehe nyuma ya picha iliandikwa baadaye kwa kukosea, inatokea sana.

Anza na pua. Kama vichwa vya silinda vimechomoza juu ya boneti na propela iko chini, hiyo ni Gipsy Moth, ndege iliyoitangulia Tiger. Tiger injini yake imepinduliwa, silinda zinatazama ardhini, kwa hiyo juu ya pua ni laini. Mimi mwenyewe nilishawahi kubisha wiki nzima kabla ya kuangalia hapo! Kisha tazama mabawa: ya Tiger yamerudi nyuma kidogo, ya Gipsy yamenyooka, tena yanakunjwa ndege ikaingia banda dogo.

Kampuni ya ndege ya Wilson Airways ilianza Nairobi 1929 na Gipsy Moth, ila bila namba ya usajili siwezi kukwambia hiyo ni ya nani. Kuza picha ubavuni, tafuta herufi zinazoanza VP-K, alama ya usajili ya ndege za Kenya enzi hizo.