Baghausi, krezihausi na kafara ya f7

SWALI: Mwanangu ana miaka 12 na anacheza sataranji klabuni shuleni. Tangu likizo, yeye na wenzake wameuacha mchezo wa kawaida. Mchana ni baghausi (sataranji ya wawili kwa wawili kwenye mbao mbili), usiku ni krezihausi mtandaoni (ya ubao mmoja, kete uliyokula unaipachika iwe yako). Kwenye mashindano ya mwisho alipoteza mechi nne kati ya tano. Kocha mmoja anataka nimkataze kabisa. Mwingine anasema michezo hiyo inanoa akili, na kwamba hata mabingwa hucheza michezo ya aina hiyo, kama sataranji ya 960. Nimfuate yupi? (Mzazi, Tanga)

JIBU: Mama, huyo wa pili ndiye anayenichosha, kwa hiyo nianze naye. Ni kweli Wesley So alimfunga Magnus Carlsen kwenye fainali ya ubingwa wa dunia wa sataranji ya 960 mwaka 2019, na Hikaru Nakamura akalitwaa taji hilo mwaka 2022. Lakini wote walikuwa magwiji wa sataranji ya kawaida miaka mingi kabla ya hapo. Ujuzi wa kawaida ndio uliowapa 960. Anayekuuzia hoja hiyo ameigeuza kichwa chini miguu juu.

Tena amechanganya michezo miwili isiyofanana, 960 na baghausi. Katika 960, aliyoitangaza Bobby Fischer mwaka 1996, kete za mstari wa nyuma hupangwa upya tu. Baada ya hapo kila kete inatembea na kula kama kawaida. Inafaa kweli kwa mtoto anayekariri ufunguzi, maana askari wengine huanza bila mlinzi na lazima afikiri tangu hatua ya kwanza. Baghausi ni habari nyingine. Kete aliyokula mwenzako kwenye ubao wa pili inakufikia mkononi, unaipachika kwenye mraba wowote mtupu (askari tu ndiye haruhusiwi mstari wa kwanza na wa nane). Thamani zote zinayumba. Cheki (shambulio kwa mfalme) ya ngome kutoka mbali inazibwa kwa kupachika kete katikati. Cheki ya farasi haizibiki. Ndiyo maana mtoto anajifunza kutoa chochote ili mfalme wa mpinzani atoke nje, akijua silaha ziko njiani.

Mazoea hayo yakihamia mchezo wa kawaida, tazama (herufi ni safu ya ubao, namba ni mstari; mweupe huanza): e4 e5, farasi f3, farasi c6, askofu c4, askofu c5. Sasa askofu mweupe anakula askari wa f7 kwa cheki, mfalme anamla askofu, farasi anaruka g5 kwa cheki, na malkia mweusi anamla kutoka d8. Kete mbili zimekwenda kwa askari mmoja, na hakuna mwenza wa kukurushia nyingine.

Hasara kubwa zaidi haionekani haraka. Kwenye krezihausi kete zinazoliwa hurudi ubaoni, kwa hiyo mwisho wa mchezo ule wa wafalme na askari wachache karibu haupo. Mweke mfalme mweupe e5, askari wake e4, mfalme mweusi e7. Mweusi akiwa na zamu, mweupe anashinda. Mweupe akiwa na zamu, ni sare. Mtoto asiyeweza kukueleza sababu atatupa mechi alizokwisha kuzishinda.

Kumkataza kabisa sikushauri. Chukua mechi zake kumi za mwisho za kawaida, zilizoandikwa hatua, mtafute pamoja kosa la kwanza katika kila moja. Hesabuni kafara (kete zilizotolewa kwa makusudi) zisizopigiwa hesabu, cheki za bure, na mechi alizopoteza huku zaidi ya nusu ya muda wake imebaki kwenye saa. Zikifika tatu, baghausi isimame mwezi mzima. Zisipofika, saa moja kwa wiki inatosha, na isiwepo kabisa wiki ya mashindano. Wakitaka burudani klabuni, wapange wafalme na askari wanane kila upande, wa kwanza kugeuza askari kuwa malkia ameshinda. Huo nao ni mchezo uliobadilishwa, ila unafundisha kitu.

Na pointi za krezihausi zisikudanganye. Zinahesabiwa peke yake, dhidi ya wacheza krezihausi.

Ugonjwa huu ni mpana kuliko baghausi. Kila wiki kuna mtu anauza njia ya mkato: mitego kumi ya ufunguzi, kozi ya siku 30, programu ya "kuamsha ubongo". Mitego humnasa mpinzani mara moja. Akishaijua, mtoto amebaki na kete zilizokaa vibaya. Kabla hujalipa, muulize muuzaji ni siku gani katika kozi yake mwanafunzi anakaa na mechi aliyopoteza, bila kompyuta, akaandika alichokuwa anafikiri kabla ya kila kosa. Akianza kukueleza habari za ubongo, funga pochi.