Mkuu vua hiyo suti ya chura, na yale maua yenye miguu USIYAKANYAGE

Vua chura. Vua kwanza halafu ndo uendelee kusoma.

Mtoa uzi unasema kwenye gemu ya Super Mario Bros. 3 umefika dunia ya 7, kuna mtu kakuambia yale maua yanayotembea unayakanyaga tu kama vile viuyoga vya steji ya kwanza "maana yana miguu", na leo usiku unaingia na suti ya chura. Nimesoma nikiwa kwenye daladala, nimepitiliza kituo, sina hata hamu ya kukusalimia.

Hayo matango pori nimeshayala mimi, tena kwa hela ya mafuta ya taa ya mama.

Ilikuwa Jumamosi, kibanda cha gemu nyuma ya mashine ya kusaga, nusu saa shilingi mia. Mashine yenyewe ni zile feki za kuchomeka kwenye TV na kanda ya njano, pedi ya kwanza kitufe cha A kinanata mpaka ukigongee pajani. Na kumbuka hii gemu ya zamani haina kuseva, ukizima umeanza upya, kwa hiyo kufika dunia ya 7 ni kukaa pale kwenye benchi mpaka makalio yafe ganzi. Hela yangu iliishia dunia ya 5. Nikagusa ya mama, nikajiambia nitairudisha (naomba msiniulize nilikuwa nitairudisha na nini, nilikuwa na miaka kumi na moja).

Nafika dunia ya 7, ile ya mabomba kila kona, nina maisha 14. Kwenye boksi la vitu nina ua la moto moja (ukilichukua unarusha moto) na suti ya chura moja. Nataka kuchukua moto, ndo anatokea braza mmoja wa mtaani, kasimama nyuma yangu anakula miwa, anasema dogo moto mtunzie Bowser, lile jitu la mwisho wa gemu, hapa vaa chura, hayo maua yakitembea yanakuwa laini, unakanyaga. Kwa sauti ya mtu aliyemaliza gemu mara tatu! Benchi zima likaitikia. Na mimi nikavaa.

Sasa ngoja nikueleze chura akiwa nchi kavu. Kwenye maji ni mfalme, hakuna kama yeye, ila nje ya maji hakimbii, anarukaruka, ukibonyeza mbele tu keshadunda. Na vile viua vyeupe vifupi vyenye meno, vinaitwa Nipper, vinachosubiri ndo hicho hicho! Kanakaa kametulia unadhani pambo la sebuleni, wewe ukipita juu yake na kenyewe kanaruka kanakufuata tumboni. Kengine kanatembea kabisa kanakuja. Kwa hiyo umevaa nguo ya kurukaruka unaenda kwa kitu kinachong'ata wanaoruka. Ni kama kuvaa shati la nyama unaenda kuwatembelea mbwa.

Chura kaisha kwa mng'ato mmoja, na hapa ndo nikaingizwa chaka mara ya pili. Braza alisema ukiguswa unabaki mkubwa, bado una nafasi. Nikaona Mario, yule ninayemchezesha, kawa mdogo papo hapo. Nikadhani mashine imekufa. Kumbe toleo la Kijapani la 1988 ndo lilivyo, ukiwa na moto au chura au mkia ukiguswa unashuka mpaka udogo moja kwa moja, lile la Marekani la 1990 ndo unabaki mkubwa kwanza. Kanda yetu ilikuwa ya Kijapani. Hili nimelijua nikiwa na ndevu.

Nikafa. Akasema umekanyaga pembeni, kanyaga katikati. Nikakanyaga katikati, nikafa. Akasema umechelewa. Nikawahi, nikafa. Likaja lile refu linalotembea huku linapuliza mpira wa miiba juu ya mdomo, Ptooie, akasema hilo subiri mpira upande ndo ukanyage kichwa. Jamani. KICHWA. Kichwa ndo kina mdomo! Nikamsikiliza tena kwa sababu nilishapoteza maisha tisa na mtu aliyepoteza tisa haachi kwenye la kumi, watu wa kubeti mnanielewa.

Maisha yote 14 yakaisha. Unaweza kuendelea ndiyo, ila unarudishwa mwanzo wa dunia na steji ulizopita zinafunguka upya, na mwenye kibanda akagonga TV na ufunguo, muda umeisha. Akazima. Unajua kilichoniuma? Ua la moto lilikuwa bado limo kwenye boksi. Halijaguswa. Nimelitunza vizuri kweli kweli kwa ajili ya Bowser ambaye sikumfikia.

Nyumbani tulikula gizani na mimi nilikula na kingine ambacho sitakiandika hapa.

Sasa nisikilize. Kwenye hii gemu CHENYE MENO JUU HAKIKANYAGWI, hata kiwe na miguu, hata kivae suruali. Miguu inakuambia kitu kinatembea, haikuambii kinakanyagika. Angalia juu, si chini. Ukifika pale fungua boksi kwenye ramani kabla hujaingia steji, chukua ua la moto, simama mbali, rusha. Kombora linadunda chini kwa chini kwa hiyo hata vile vifupi linavipata, ila ni mawili tu kwa wakati, usibonyeze kama unaua mbu. Vile vyeusi vilivyopandwa chini safu nzima, Muncher, hivyo moto hauvifanyi kitu, usipoteze muda, tafuta njia ya kupita juu.

Najua huo uongo ulikotokea. Kuna kile kiatu cha kijani cha steji ya 3 dunia ya 5, ukikivaa unapita juu ya meno na miiba kama uko uwanjani. Steji hiyo moja tu, ikiisha na kiatu kimeenda. Mtu kaona vile kwa mbali, kaja kutangaza kwamba maua yanakanyagwa.

Yule braza ana duka la vifaa vya ujenzi siku hizi. Mwaka juzi nimeenda kununua misumari, nikamkumbusha, nikamuuliza hivi wewe dunia ya 7 ulipitaje? Akacheka mpaka akashika kaunta. Anasema dogo, mimi mwisho wangu ilikuwa ya 2, pale jangwani.