Kwa anayeingia Kongresi ya Wanafunzi mara ya kwanza

Tangu nilipomaliza sekondari hapa Marekani nimekuwa nikikaa upande wa majaji katika mashindano ya Kongresi, yaani mdahalo ambao wanafunzi huigiza wabunge wa Marekani wakijadili miswada, na mgeni namtambua mapema. Mwenzake anazungumza, yeye macho yako kwenye karatasi, midomo inatembea: anapitia hotuba aliyoiandika nyumbani asije akaisahau. Zamu yake inafika, anasimama, anaisema vizuri kabisa, na ndani yake hakuna hata sentensi moja inayoonyesha kwamba alikuwa chumbani humo saa nzima iliyopita. Watu watano wameshaitoa hoja ile ile. Wawili wameshaijibu. Inaniuma, kwa sababu kazi ameifanya, tena nyingi.

Mdogo wangu, kama mwalimu amekuandikisha Kongresi msimu huu, shika hili kabla ya lingine lolote: hotuba yako lazima ijibu yale yaliyosemwa kabla yako. Mengine yote nitakayoandika hapa yanatokana na hilo.

Kwanza uelewe kikao kinavyokwenda. Chemba moja huwa na wanafunzi 15 hadi 20 hivi, kila mmoja akiitwa Seneta au Mwakilishi. Miswada na maazimio hutolewa mapema, mara nyingi wiki kadhaa kabla, ili kila mtu afanye utafiti. Anayewasilisha muswada hupewa dakika tatu, kisha anaulizwa maswali kwa dakika mbili. Mpingaji wa kwanza naye ni hivyo hivyo. Baada yao wanafuatana mtetezi, mpingaji, mtetezi, mpingaji, kila mmoja dakika tatu na maswali ya dakika moja, hadi chemba ichoke na mtu atoe hoja ya kufunga mjadala. Hoja hiyo inahitaji theluthi mbili ya kura. Kanuni hizi ni za NSDA, chama cha kitaifa cha hotuba na mdahalo hapa Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1925 kwa jina la National Forensic League na kubadili jina mwaka 2014. Mashindano mengi huzifuata. Ila ligi za majimbo, na ile ya NCFL, ligi ya kitaifa ya Kikatoliki ambayo fainali zake hufanyika wikendi ya Memorial Day mwishoni mwa Mei, zina tofauti zao ndogo ndogo. Soma kanuni za mashindano unayokwenda, si za yale uliyoyaona YouTube.

Nani azungumze lini? Hapa ndipo wageni wengi huchanganyikiwa na kudhani wanaonewa. Mnainuka watu wanane kwa pamoja, na msimamizi wa kikao, ambaye hapa kila mtu anamwita PO, anachagua mmoja. Hachagui kwa kupenda. Anatangulia aliyezungumza mara chache zaidi. Mkilingana, anatangulia yule ambaye amekaa muda mrefu zaidi tangu azungumze. Chora jedwali lako mwenyewe kwenye daftari, majina yote ya chemba, na uandike namba kila mtu anapozungumza. Ukifanya hivyo utajua kama nafasi yako inakaribia au bado, na hilo linakuambia uandae hotuba ya aina gani.

Maana hotuba ya mwanzo wa mjadala na ya mwisho wake ni kazi mbili tofauti. Nitumie muswada wa mazoezi ninaopenda kuwapa vijana wetu wenye asili ya Afrika Mashariki na Kongo, kwa kuwa unagusa kitu wanachokijua: Marekani irudishe nguo za Rwanda kwenye msamaha wa ushuru wa AGOA. AGOA ni sheria ya mwaka 2000 iliyofungua mlango kwa bidhaa nyingi za Afrika kuingia Marekani bila ushuru. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kupunguza mitumba hatua kwa hatua ili viwanda vya ndani vipate nafasi. Mwaka uliofuata chama cha wauzaji wa nguo zilizotumika cha Marekani kikalalamika serikalini. Kenya ikarudi nyuma, Tanzania na Uganda nazo zikafuata, Rwanda ikabaki na ushuru mkubwa iliouweka kwa mitumba. Mwishoni mwa Julai 2018 nguo za Rwanda zikaondolewa kwenye msamaha huo.

Ukizungumza wa kwanza kutetea muswada huu, kazi yako ni kuieleza historia hiyo kwa ufupi, kuonyesha tatizo liko wapi, na kuonyesha muswada unalitatua vipi. Usikimbilie kujibu hoja ambazo bado hakuna aliyezitoa.

Ukizungumza wa sita, historia wameshaisikia. Ukiirudia, jaji anaweka kalamu chini. Sasa unachukua hoja ya mtu kwa jina lake na kuijibu. Kwa Kiingereza, bila shaka, lakini mwenendo wake ni huu: "Seneta wa Ohio ametuambia kwamba muswada huu utaua ajira za wachambuaji wa mitumba Marekani. Lakini muswada haugusi mitumba hata kidogo. Unagusa nguo mpya zinazotoka Kigali, na Seneta hajatuonyesha ni ajira ipi ya Marekani inayoumizwa na hizo." Umeona? Umemtaja, umesema alichosema kwa haki bila kukipotosha, umeonyesha kasoro. Ndipo unaongeza lako jipya.

Na ukizungumza wa kumi na mbili, kila kitu kimeshasemwa, na hiyo ndiyo nafasi ninayoipenda kuliko zote. Kazi yako ni kupima. Mjadala mzima umebaki na maswali mawili tu: je, nchi maskini ina haki ya kulinda viwanda vyake bila kuadhibiwa, na je, Kongresi iingilie jambo ambalo sheria ya AGOA yenyewe imempa Rais mamlaka ya kuliamua? Unasema nani ameshinda swali la kwanza na kwa nini, nani ameshinda la pili, kisha unaonyesha lipi lina uzito zaidi. Hotuba ya namna hii haiandikwi nyumbani. Inaandikwa chumbani, mkono ukiwa haujatulia tangu kikao kianze.

Ndiyo maana nawaambia vijana waende na kurasa za ushahidi badala ya hotuba iliyokamilika. Kwa kila muswada andaa hoja tatu au nne za kila upande, kila moja na ushahidi wake, kwenye karatasi za kuweza kuchomoa. Pande zote mbili, hata kama moyo wako uko upande mmoja. Pengine watetezi watakuwa wengi na wapingaji hawapo, na aliyejiandaa kupinga atapata nafasi mara moja wakati wenzake wanasubiri.

Usome pia muswada wenyewe mstari kwa mstari. Miswada ya wanafunzi huwa ukurasa mmoja tu, lakini vifungu vyake vina mambo: unafanya nini, maneno yake yamefafanuliwaje, idara gani itautekeleza, utaanza lini. Hoja nyingi kali nilizozisikia zilitoka humo humo. Idara iliyotajwa haina mamlaka hayo. Fedha hazikutajwa. Tarehe ya kuanza ni baada ya miezi mitatu kwa kazi ya miaka mitatu. Mtu anayesoma magazeti tu na kuuacha muswada hawezi kuziona.

Kuhusu ushahidi, wengi wenu mna kitu ambacho wenzenu darasani hawana, na nataka mkitumie kwa adabu. Mwaka 2010 Kongresi ya kweli ilipitisha sheria ya fedha ya Dodd-Frank, na kifungu chake cha 1502 kikazitaka kampuni zitoe taarifa kama madini yao, yaani bati, tantali, tungsteni na dhahabu, yanatoka Kongo au nchi jirani zake na kama yananufaisha makundi yenye silaha. Septemba mwaka huo huo Joseph Kabila, Rais wa Kongo wakati huo, alisimamisha uchimbaji mdogo katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, na zuio hilo likadumu hadi Machi 2011. Kijana ambaye familia yake imetoka Bukavu amesikia nyumbani miezi hiyo ilivyokuwa kwa watu waliokula kwa uchimbaji. Muswada wa madini ukija mezani, anaweza kusema jambo ambalo hakuna mwingine chumbani anayeweza kulisema.

Lakini aliseme na ushahidi pembeni yake. Simulizi peke yake jaji huiheshimu na kuipita, kwa sababu hana namna ya kuipima. Takwimu peke yake wanazo wote. Weka simulizi ya sentensi mbili, kisha ripoti inayoonyesha kwamba familia yako haikuwa peke yake. Ripoti nzuri ni za bure. GAO, ofisi ya ukaguzi ya Kongresi, imekuwa ikitoa ripoti kuhusu madini hayo hayo. CRS, idara ya utafiti ya Kongresi, huandika muhtasari wa sera karibu kila jambo linalofika Kongresi. CBO, ofisi ya bajeti ya Kongresi, hukadiria gharama za miswada. Taja chanzo na mwaka unapozungumza, na usitaje ripoti ambayo hukuisoma. Mpinzani akikuuliza ukurasa unaofuata unasema nini, uwe umeupitia. Na kama hutaki kusimulia ya nyumbani, usisimulie. Hakuna jaji anayekudai maumivu yako, na kocha anayekusukuma uyatoe ili upate alama mwambie hapana.

Lafudhi nimeulizwa mara nyingi, na wazazi ndio huuliza zaidi. Lafudhi haikupunguzii alama kwa jaji anayefanya kazi yake sawasawa. Kasi ndiyo inayopunguza. Kijana anayeogopa kwamba hataeleweka huzungumza haraka ili amalize, na hapo ndipo asipoeleweka. Majaji wengi wa Kongresi ni wazazi na watu wa kawaida, si mabingwa wa mdahalo. Dakika tatu kwa mwendo unaosikika ni maneno 400 hivi. Andika hayo, usiandike 600. Simama wima, inua macho, tua mwisho wa sentensi.

Tabia mbili za nyumbani ziache mlangoni. Wabunge wetu wakisimama humshukuru Mungu, Rais, Spika na wananchi wa jimbo kabla ya kuingia kwenye hoja, na ni utamaduni mzuri mahali pake. Hapa, kati ya dakika tatu, utangulizi ni sentensi mbili au tatu. Ya pili ni kumkatiza mzungumzaji kwa "taarifa!" kama mlivyoona bungeni. Hapa unasubiri amalize, kisha unainuka kwa ajili ya maswali. Swali liwe fupi na liwe swali kweli. Anayeanza kwa maelezo marefu hukatwa na muda kabla hajauliza. Swali zuri humfanya mzungumzaji akubali jambo moja dogo, na hilo dogo unalitumia kwenye hotuba yako baadaye: "Mwakilishi alipoulizwa alikubali kwamba..." Majaji husikiliza maswali na kuyaandika. Kukaa kimya kikao kizima kati ya hotuba zako mbili ni kujinyima.

Kwa kawaida kila hotuba hupewa alama kutoka 1 hadi 6, na mwisho wa kikao kila jaji hupanga nane bora. Mpangilio huo ndio unaokupeleka fainali. Kwa hiyo usipiganie kuzungumza mara nyingi. Nimewapanga juu watu waliozungumza mara mbili wakawaacha waliozungumza mara tatu, kwa sababu zile mbili zilibadilisha mjadala.

Wewe mtulivu, mwenye mwandiko safi na kumbukumbu nzuri, ufikirie kugombea u-PO baada ya kuona vikao kadhaa. Wenzako ndio wanaokuchagua kwa kura ya siri, na majaji wanakupima pamoja na wengine. Anayefanya kazi hiyo kwa haki, anayesema sababu ya kila uamuzi, asiyepoteza muda na asiyempendelea rafiki wa shule yake, hupangwa juu mara nyingi. Anza kwenye mashindano madogo ya mtaani kwenu. Fanya mazoezi ya jedwali mezani nyumbani na wadogo zako kabla ya kugusa nyundo.

Suti isikuumize kichwa. Ya mtumba iliyopigwa pasi inatosha, na hakuna anayeuliza bei. Ada na usafiri muulize kocha mapema na bila aibu, maana programu nyingi zina namna ya kumsaidia mwanafunzi asiyeweza kulipa, na huwezi kupewa ambacho hukuomba.

Wazazi, nina ombi kwenu. Shule hutakiwa kupeleka majaji kulingana na idadi ya wanafunzi wake, na kila wiki makocha wanahangaika kuwapata. Mafunzo hufanyika mtandaoni na hayahitaji ujuzi wa mdahalo. Mama anayesema Kiingereza chake si cha kutosha kuhukumu ndiye anayeweza kusema kwa uhakika kama mzungumzaji alieleweka. Watoto wetu wakiinua macho na kumwona mtu wa kwao ameketi na karatasi za alama, wanatulia.

Mashindano yakiisha, maoni ya majaji huwekwa Tabroom, tovuti ambayo mashindano mengi huitumia. Mwombe kocha akuonyeshe, na uyasome Jumatatu, si usiku ule ule wa Jumamosi ukitoka mashindanoni. Anza na ya jaji aliyekupanga mwisho. Andika kwenye daftari moja yale yaliyosemwa na majaji wawili au zaidi, na hayo ndiyo ya kufanyia kazi wiki hiyo. Lililosemwa na mmoja tu, liwekee alama, usubiri uone kama litarudi mashindano yajayo.